Kisima cha Mwinyi Jiwe: shajara ya sehemu ya nne

Mwisho wa masika, Chake Chake

Muswada wa sehemu ya nne ya tamthilia yetu ya ngano umekamilika. Sehemu zilizotangulia zilikuwa ngano nyepesi, za kuangaliwa na watoto baada ya chuoni. Hii ni nzito, na ndiyo niliyokuwa nikiitamani tangu tulipoanza mradi, kwa sababu mbaya wa hadithi anapasuka akawa watu wawili, na sisi watengenezaji tunalazimika kuamua nani kati yao atajibu kwa yaliyotendeka.

Kisa chenyewe ni hichi. Mwinyi Jiwe anajenga ngome. Watu wanambebea mawe vichwani huku wakisota kwa makalio, maana hataki kuona mtu wa chini amesimama mbele yake. Ana wake wawili wasiopikika chungu kimoja, basi anaamuru kisima kitiwe ukuta katikati: bi mkubwa ateke kwa ndoo na kamba upande huu, bi mdogo ashuke ngazi upande ule, wasionane abadan. Jiwe la mwisho la ukuta huo analibeba kijana mmoja, anafia njiani. Mama yake anakuja mpaka kisimani. Halii, hapigi ukelele. Anasema tu, "Ulichokigawa nacho kikugawe," anaondoka.

Usiku ule Mwinyi anashikwa na kiu. Anakunywa maji ya upande wa kamba, kiu haikatiki. Anashuka ngazi, anakunywa ya upande wa pili. Alfajiri wanatoka watu wawili kisimani, sura moja, joho moja, kilemba kimoja. Mmoja kapanda kwa ngazi, mmoja kapanda kwa kamba. Kwenye muswada tunawaita hivyo hivyo, Wa Ngazi na Wa Kamba, na kila mtu kikundini ameshayazoea majina hayo.

Anayeijua Pemba ameshajua nimechota wapi. Pujini, kiasi cha kilomita 10 kutoka Chake Chake, yapo magofu ya ngome ya Mkama Ndume, ambaye kwenye maandishi anaitwa Muhammad bin Abdulrahman, mtawala wa zama za karne ya 15, kabla Wareno hawajatia mguu pwani yetu. Habari ya kusota na mawe kichwani ni simulizi za wazee wa pale. Kisima cha wake wenza nacho ni cha pale pale, ngazi zake ukienda utaziona. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba Pujini miaka ya 1990 walikuta pia chumba cha chini ya ardhi chenye sura ya siwa, ile pembe ya kupulizwa ya watawala, iliyofinyangwa kwa chokaa ukutani. Hiyo siwa nimeitia kwenye muswada: kila Mwinyi Jiwe anapotoa amri, siwa inalia kwanza. Jina la mtawala nimelibadilisha kwa makusudi. Mkama Ndume ana kizazi cha wasimulizi wake, na mimi sina haki ya kumtia maneno kinywani mtu aliyekuwa hai kweli. Mwinyi Jiwe ni wa ngano, nitamfanyia nitakacho.

Wazo la mbaya mmoja kugeuka wawili si langu wala si la Pemba peke yake. Robert Louis Stevenson alimwandika Dk. Jekyll, daktari ambaye dawa yake inamgeuza Bw. Hyde mwovu, mwaka 1886, na tangu hapo watu hawajaacha kumrejea. Walionikaribisha zaidi kwenye jambo hili ni watengenezaji wa Once Upon a Time, tamthilia ya ngano ya kituo cha ABC cha Marekani iliyorushwa kuanzia 2011 hadi 2018. Mwishoni mwa msimu wa tano, Mei 2016, Regina anatumia dawa ya Jekyll kumtoa Malkia Mwovu, nusu yake ya uovu, nje ya mwili wake, anaupondaponda moyo wa Malkia mbele ya wenzake, anadhani kazi imekwisha. Haikwisha. Malkia anarudi. Wote wawili anawaigiza Lana Parrilla, na ukimwangalia vizuri utaona hakutegemea nguo tu kuwatenganisha, ametegemea shingo na macho. Kinachonivutia ni walivyolifungua fundo mwaka 2017, kwenye msimu wa sita. Regina hamuui Malkia. Anampa sehemu ya mapenzi yaliyomo moyoni mwake, naye anachukua sehemu ya giza, kila mmoja anakuwa mtu aliyechanganyika.

Hilo nimelipenda, na nikaona linanionyesha njia. Lakini mimi nataka mama wa yule kijana awe katikati ya fundo. Mtu akishagawika, aliyedhulumiwa aende mlango gani kudai? Sehemu yote ya nne inasimama juu ya suala hilo, na kila tutakachojenga, kuanzia taa mpaka kilemba, nitakipima kwa hilo.

Baada ya kuusoma barazani

Tumeusoma muswada kwa sauti barazani, Machomanne, baada ya sala ya Isha. Walikuwepo wazee, vijana wa kikundi, na akinamama waliokaa ndani mlango ukiwa wazi. Tulipofika pale wanapotoka wawili kisimani, karibu kila mtu alisema jambo moja: "Huyo kapandwa." Mzee mmoja akaenda mbali zaidi, akalitaja na jini lenyewe ni la aina gani.

Nimelala na jambo hilo. Hapa kwetu uganga na pepo ni sehemu ya maisha, na mtazamaji wa Pemba hatasubiri tumweleze, atajieleza mwenyewe. Akisema Wa Kamba ni jini lililomwingia Mwinyi, basi Mwinyi amesafika. Jini ndilo lililoua, yeye alikuwa chombo tu, na mama wa kijana hana wa kumdai isipokuwa upepo. Hadithi yote inamwagika.

Kwa hiyo nimeandika onyesho jipya, na sasa naliona ndilo nguzo ya sehemu nzima. Wakuu wa ngome wanamleta mganga. Anawasha chetezo, anamzunguka Wa Kamba na ubani, kisha anamkalia mbele.

"Jina lako?"

"Unalijua."

"Baba yako?"

"Yuko nyuma ya msikiti. Mimi ndiye niliyeingia kaburini kumlaza."

Mganga anakifunika chetezo kwa kiganja. Anawageukia wakuu: "Waungwana, hapa hapana mgeni. Huyu mwenyeji."

Niliwasomea tena wazee wale wale. Yule aliyelitaja jini alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi hiyo kesi yake mwenyewe." Nikajua tumepata.

Kusi limeanza

Nimekwenda kwa ustadhi anayesomesha darasa la jioni, nikamweleza kisa, maana sikutaka tuchezee jambo la nafsi bila kumuuliza mwenye elimu. Hakukasirika hata kidogo. Alinikumbusha kuwa Qurani imeitaja nafsi kwa hali tatu: iamrishayo maovu, katika sura ya Yusuf aya ya 53, ijilaumuyo, katika Al-Qiyama aya ya 2, na iliyotua, katika Al-Fajr aya ya 27. Akasema, nafsi yenyewe ni moja, hizi ni hali zake, na mja anaweza kupita zote kabla ya adhuhuri.

Nikamuuliza, je, huyu Wa Ngazi, mpole, mwenye machozi, tumwite aliyetua? Akatikisa kichwa. "Anamlaumu nani?" Nikasema, anamlaumu mwenziwe wa kamba. "Basi hata ile ya kujilaumu hajaifikia. Kujilaumu ni mtu na nafsi yake. Huyo anamlaumu jirani."

Neno hilo limegeuza uandishi wangu wa Wa Ngazi kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Katika hadithi nyingi za namna hii nusu njema inapewa usafi wa bure, anatoka kwenye mpasuko amevaa nyeupe na sauti laini, mtazamaji anaambiwa ampende. Mimi nataka tumwonee mashaka. Ni mpole kweli, anawapa maji wapita njia, anawainua walioanguka. Lakini kila akiulizwa kuhusu mawe, kidole chake kinaelekea ng'ambo ya ukuta.

Nimemwambia mwigizaji wetu asome Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kabla hatujaanza mazoezi. Mshairi yule anausimamisha moyo wake mwenyewe mbele yake na kuugombeza, beti baada ya beti, akiuonyesha majumba ya Pate yalivyobaki: madaka yaliyokuwa yakipangwa vyombo vya thamani sasa wamelala wana wa ndege. Kiswahili kimewahi kumgawa mtu na moyo wake, kikawakalisha uso kwa uso, na hapana hata mara moja mshairi anaposema moyo ule ni wa mtu mwengine. Nataka sauti hiyo hiyo kwenye onyesho la mwisho.

Vitongoji, ujenzi wa kisima

Kibali cha Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni kimetoka. Pujini tumekubaliana na wahusika wa mambo ya kale na sheha kwamba tutapiga picha za nje tu, kwa mbali, bila kugusa wala kukanyaga kuta. Kisima chenyewe tunajijengea Vitongoji, kwenye kiwanja cha jamaa wa mpiga picha.

Fundi mwashi alianza kwa matofali ya saruji, juu yake lipu ya chokaa na udongo mwekundu. Ukuta ulipokauka ulitoka laini kama wa nyumba mpya. Fundi mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema kuta za kale za pwani ni mawe ya matumbawe, hazikubali kulala sawasawa hata ukizibembeleza, akaenda ufukweni kwenye kifusi cha nyumba iliyobomoka akarudi na gari la ng'ombe limejaa. Amevipachika vipande kimoja kimoja kwenye lipu mbichi, vingine vimetokeza, vingine vimezama, vyenye vitundu vile ambavyo ukitia kidole unakuta mchanga. Kisha tukanyunyiza maji ya mkaa na samadi, tukaacha kusi lifanye kazi yake. Sasa ukipitisha mkono unakwaruzwa. Nimefurahi sana, kwa sababu nimeandika onyesho ambalo ndugu hawa wawili (nawaita ndugu, sina neno jengine) wanapapasa ukuta kila mmoja upande wake, usiku, wakitafutana mikono bila kuonana.

Ukuta huu umetusaidia pia kwenye hesabu ya kamera. Mtu mmoja kuigiza wawili ni gharama na ni muda, lakini sehemu kubwa ya mazungumzo yao inapita kisimani, kila mmoja upande wake. Tunampiga mwigizaji upande wa ngazi asubuhi, upande wa kamba jioni, hapana ujanja wowote wa kompyuta. Wanaonekana pamoja kwenye fremu moja mara moja tu, mwisho. Ningekuwa na fedha za Marekani bado ningefanya hivi hivi. Mtazamaji akiwazoea wawili kwenye fremu moja, ataanza kuangalia ufundi wetu na kumwacha Mwinyi.

Jambo la mandhari: Pemba ni vigumu kuelekeza kamera popote usikute mkarafuu. Hadithi yetu ina sura ya karne ya 15, na karafuu zimefika visiwani mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo tunapiga kuelekea minazi na mikoko. Muhogo na pilipili nimeviondoa kwenye sinia la karamu, navyo vilikuja baadaye kutoka Amerika. Tumebakia na wali, mtama, samaki, nazi na ndizi. Huenda asigundue mtu. Lakini watoto wa skuli wataiangalia tamthilia hii, na sitaki wajifunze kutoka kwetu kwamba Pemba ilikuwa na mkarafuu tangu Adamu.

Mazoezi

Mwigizaji wetu ni mwalimu wa skuli, mtu wa sauti ya chini. Alitaka kumpa Wa Kamba ukali, makelele, macho mekundu. Tukajaribu kinyume chake. Wa Kamba hakasiriki. Anasema taratibu, anamaliza sentensi, na anajua hesabu: mawe mangapi yamefika, mangapi yamebaki, siku ngapi ngome itakwisha. Wa Ngazi hajui hata hesabu moja. Anachojua ni majina. Anawajua wabebaji wote kwa majina yao, na ya mama zao.

Mgawanyo huu ulipatikana kwenye mazoezi, haukuwemo kwenye muswada, na nadhani ni jambo bora kuliko yote niliyoyaandika. Mtu akigawika hagawiki wema na ubaya peke yake. Kumbukumbu nazo zinagawika. Mmoja anakumbuka mawe, mwengine anakumbuka waliobeba, na hapana kati yao anayeweza kusema sentensi kamili: fulani alibeba mawe kadhaa, akafa siku fulani kwa amri yangu. Sentensi hiyo inahitaji mtu mzima.

Uwezo nao umegawika. Kuna onyesho fupi ambapo watu wawili wanamletea Wa Ngazi ugomvi wa mnazi uliosimama mpakani. Anawasikiliza wote, anawahurumia wote, anawapa wote haki, wanaondoka wakiwa wanataka kuuana. Na lile la kilemba: asubuhi ya kwanza Wa Ngazi anajaribu kufunga kilemba chake mwenyewe. Kitambaa kinateleza, anaanza upya, kinalegea upande wa kushoto, anaanza upya. Tunakata, tunamwona Wa Kamba anakizungusha kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika karatasi ya hesabu, ncha inaingia mahali pake bila kutazamwa. Hapana neno lolote linalosemwa. Mpiga picha ameomba tuipige kwa karibu sana, vidole na kitambaa tu, nami nimekubali.

Nguo zao ni zile zile, na hazitabadilika. Mshonaji alipendekeza joho jeupe na joho jeusi. Nimekataa, nitaendelea kukataa. Tofauti moja tu tumeiruhusu: Wa Kamba amevaa makubadhi, Wa Ngazi yuko miguu mitupu. Mtazamaji atawajua kwa masikio kabla ya macho.

Sauti

Huku Vitongoji kuna kisima kikavu cha zamani, kirefu. Tumeshusha maikrofoni mpaka chini, imefungwa kitambaa, mwigizaji akasema maneno yake yote ya kisimani akiwa ameinama juu. Tukarudia, safari hii yeye kakaa kwenye ukingo akitazama mbali. Sauti mbili zile zile za mtu mmoja zimetoka tofauti kabisa, ya kwanza nzito yenye mwangwi unaorudi nusu neno nyuma, ya pili nyembamba. Tumempa Wa Kamba ile nzito.

Kamba nayo ina sauti yake. Tulianza na ya nailoni kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo, haina uhai. Tukanunua ya makumbi. Ikikauka inakwaruza, ikirowa inalia kwenye gogo la kisima kwa mlio mrefu ambao kila aliyekulia shamba ataujua. Msanifu wa sauti anautumia mlio huo badala ya muziki kwenye maonyesho yote ya Wa Kamba. Siwa tumemwachia mpuliza zumari mmoja wa Wete, anaitafuta kwa pembe ya ng'ombe.

Msimu wa karafuu

Kazi imesimama. Karafuu zimekomaa, waigizaji wa umati wako mashambani, na hata mwashi yuko juu ya mkarafuu. Msimu ukitoa vizuri ndiyo sare za skuli na mabati ya nyumba, na hakuna tamthilia inayofaa kumshusha mtu mtini. Mhariri anaendelea na tulivyonavyo.

Fremu ya wawili

Tumerudi, na tumepiga onyesho gumu kuliko yote: Wa Kamba na Wa Ngazi wamesimama juu ya kisima, ana kwa ana, mama wa kijana yuko kati yao nyuma kidogo, na kamba inapita kutoka mkono wa mmoja kwenda mkono wa mwengine.

Naandika tulivyofanya, kwa faida ya vikundi vyengine visivyo na vifaa vikubwa. Mguu wa kamera tuliuchimbia chini na kuuwekea mifuko ya mchanga, kisha hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mpaka mwisho. Mwanga, rangi na umakini wa lenzi vyote tulivifunga kwa mkono, visibadilike vyenyewe. Tulingoja mawingu mazito, kwa sababu jua likisogea vivuli vinasogea, na nusu mbili za picha zinakataa kushikana. Tukachora mstari ardhini kwa chokaa, nje ya fremu, kuonyesha mshono utapita wapi. Chochote kisiuvuke: si mkono, si pindo la joho, si kivuli.

Wa Kamba alipigwa kwanza. Yeye ndiye anayeendesha mazungumzo, kwa hiyo mwendo wa maneno ni wake. Mbele yake alisimama kijana wa kimo kile kile, amevaa joho, ili macho yapate pa kutua. Kisha mwigizaji akavua makubadhi, akahamia upande wa pili, na chini ya kilemba tukamfichia kisikilizio kidogo kinachomrudishia sauti yake mwenyewe ya mara ya kwanza. Anajibizana na nafsi yake sikioni. Aliniambia baadaye kwamba pale ndipo alipomwogopa Wa Kamba kwa mara ya kwanza, alipomsikia anavyongoja jibu bila haraka.

Tatizo lilikuwa kamba. Lazima ivuke mshono, na kitu kinachotikisika kikivuka mshono kinakatika kwenye picha. Fundi akapigilia nguzo fupi ya mkoko juu ya ukuta, na kwenye nguzo akafunga pete ya chuma. Kamba inapita kwenye pete. Mshono tumeupitisha katikati ya nguzo, kila upande kamba imekazwa kwa uzito ule ule wa jiwe lililofichwa. Kwenye picha inaonekana wanavutana kupitia pete. Mama wa kijana yeye amesimama upande wa Wa Ngazi tu, hatua moja kutoka mshononi, naye kaambiwa asitikise hata kanga.

Maneno ya onyesho ni machache.

"Nani aliyemuua mwanangu?"

Wa Ngazi: "Yule pale, mama."

Wa Kamba: "Mdomo uliotoa amri ulikuwa mmoja."

Mama anamwangalia huyu, anamwangalia yule. "Basi nataka mdomo huo."

Baada ya hapo wanashuka wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, na anapanda mtu mmoja.

Kipande cha kwanza chaonyeshwa

Mhariri ameunganisha sehemu nzima, rangi na sauti bado mbichi. Tuliwaonyesha akinamama wa mtaa, ukumbini kwenye darasa la watu wazima, kwa shuka nyeupe na projekta ya kuazima. Fremu ya wawili ilipita bila mtu kuuliza imefanywaje. Onyesho la mganga liliwafanya wacheke kidogo mwanzo kisha wakanyamaza.

Mwisho wetu ulikuwa hivi: Mwinyi Jiwe, mzima sasa, anapiga magoti mbele ya mama na kusema sentensi yote, jina la kijana, idadi ya mawe, siku, amri. "Ni mimi." Picha inafifia.

Bibi mmoja mtu mzima sana, aliyekuwa amekaa mbele, akageuka kunitafuta. "Mwanangu, kasema ni yeye. Haya. Na yale mawe?"

Wengine wakamuunga mkono. Kukiri ni mwanzo, walisema, mtu akishakiri unamwuliza atafanya nini. Na ukuta je, bado umesimama kisimani? Bi mkubwa na bi mdogo bado wanateka maji bila kuonana? Nilitoka pale nimejaa. Wamekiona kitu ambacho muswada mzima ulikuwa ukikielekea na ukasimama kabla ya kukifikia. Mtu aliyegawika akishaunganika, kazi yake inaanza siku hiyo.

Tumekaa kikundi kizima na tumeamua mwisho mpya. Mwinyi Jiwe anaubomoa ukuta wa kisima kwa mikono yake, jiwe baada ya jiwe. La kwanza analitia kichwani, anakaa chini, na anasota nalo kwa makalio, kama alivyowasotesha, kutoka ngomeni hadi mlangoni kwa mama yule. Wenzangu wawili waliona ni udhalilishaji na watoto hawapaswi kuuona. Nimewasikiliza, lakini nimeshikilia. Watoto hao hao wataona dakika za mwanzo wabebaji wa ngome yetu wakisota bila kosa lolote, na hakuna aliyesema lifutwe. Tulilokubaliana ni kwamba hakuna atakayemcheka ndani ya picha, hakuna siwa, na mama hafungui mlango mpaka jiwe liwekwe chini. Akifungua, tunamwona usoni kwa muda atakaoutaka mwigizaji mwenyewe, kisha anauliza, "Yamebaki mangapi?" Naye Mwinyi anajua idadi, na anajua majina.

Kilichobaki: fundi arudishe ukuta wa Vitongoji kwa namna ya kubomoleka bila kumwumiza mtu, mawe ya juu yawe mepesi ila lile la kwanza liwe la kweli, mwigizaji amekubali mwenyewe. Njia ya kusota tumeichagua, ya mchanga, minazi pande zote, mkarafuu mmoja tu utakaofichwa na kona. Mpuliza siwa atarekodi wiki ijayo. Picha za nyongeza tunazipiga likizo ya skuli itakapoanza, mwalimu akiwa huru, na akinamama wale wale ndio watakaoitwa kwanza kuangalia.